Waliotoka Jahazini: Malezi ya Vijana wa Kiungani na Mbweni

Katika miji ya mwambao, tangu Lamu mpaka Kilwa, mtoto hakuachiwa afike utu uzima kwa miguu yake peke yake, bali alipokezanwa mkono kwa mkono na watu ambao kila mmoja wao alikuwa na dhima yake iliyojulikana: mwalimu wa chuoni alimfundisha herufi na sala na kumtia adabu kwa idhini ya wazazi wake, kungwi alikaa naye kumbini akamwonya juu ya yale ambayo baba huona haya kumwambia mwanawe, na msichana, alipovunja ungo, alitiwa mikononi mwa somo wake, ambaye hakuwa mwalimu wa siku za mwalini tu, bali alibaki kuwa msiri wake hata baada ya arusi, mtu wa kuendewa panapotokea ugomvi wa nyumba na wakati wa uzazi unapokaribia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliyaandika mengi ya mambo haya katika kitabu cha desturi za Waswahili kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903, na msomaji wa leo akikifungua atastaajabu kuona jinsi watu wengi walivyoshughulishwa na jambo la kumfanya kijana mmoja awe mtu miongoni mwa watu.

Aliyefiwa na baba naye hakuachwa nje ya utaratibu huu. Sheria ya Kiislamu, iliyohukumiwa na makadhi wa miji hiyo, ilimwekea yatima walii wa kumtunza yeye na mali yake. Na Kurani, katika Sura ya Nisaa, inamwamuru mlezi amjaribu yatima mpaka afike umri wa kuoa, na akiona kwake rushdi, yaani akili timamu ya kuyaendesha mambo yake mwenyewe, amrudishie mali yake, tena mbele ya mashahidi. Baleghe peke yake haikutosha. Lakini pia ulezi haukuwa milki ya mlezi, maana siku ya kukabidhi ilikuwa sharti ifike, na mlezi alihesabiwa kuwa mdaiwa mpaka siku hiyo. Napenda msomaji aishike hoja hii, kwa kuwa ndiyo mizani nitakayotumia kuzipima habari zinazofuata, ingawa ni habari za watu waliolelewa katika dini nyingine na walezi waliotoka nchi ya mbali.

Walakini palikuwa na mtoto ambaye hakuna kadhi aliyemtafutia walii, wala kungwi aliyemngojea kumbini. Huyu ni yule aliyechukuliwa vitani au aliyeuzwa kwa deni la wajomba zake katika nchi za Nyasa na Ruvuma, akashushwa Kilwa kwa mwendo wa miguu wa miezi, akatiwa jahazini, akauzwa Unguja. Insafu yatulazimisha kusema waziwazi kwamba mji ule ule uliokuwa na makungwi na masomo, wenye watu waliojua kwa ufasaha haki za yatima, ndio uliokuwa na soko la kuuzia watoto wa watu wengine. Ni kweli kwamba wengi wa watoto hao waliingizwa polepole katika nyumba za mabwana zao, wakapata dini, lugha na jina, na baadhi yao wakaachwa huru kwa kutaraji thawabu. Lakini mtu aliyepewa jamaa na bwana wake aliweza pia kunyang'anywa jamaa hao siku bwana alipofilisika.

Mkataba wa mwaka 1845 kati ya Seyyid Said, mtawala wa Unguja, na Waingereza ulikataza kuwasafirisha watumwa kwenda nje ya milki zake, nao wa tarehe 5 Juni 1873, ambao Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza, aliupata kwa Seyyid Barghash chini ya tishio la manowari, ulikataza kuwasafirisha baharini kwa jumla, ukalifunga na soko lenyewe. Kati ya mikataba hiyo miwili, na kwa miaka mingi baada ya ule wa pili, manowari za Kiingereza ziliyakamata majahazi baharini na kuwateremsha watu waliokuwamo, na aghalabu fungu kubwa la watu hao lilikuwa watoto. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo maofisa wa manowari hawakulifikiria sana: mtoto wa miaka minane, asiyejua kijiji chake kiko upande gani, akisha kuambiwa kwamba yu huru, aende wapi? Kumrudisha bara ilikuwa ni kumrudisha mikononi mwa wale wale waliomuuza. Wengine walipelekwa Shelisheli wakafanywa vibarua wa mashamba, wengine Aden, wengine Bombay, na miongoni mwao wakatolewa wale waliolelewa Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, katika nyumba ya chama cha misheni cha CMS, ambamo walifundishwa Kiingereza pamoja na useremala na uhunzi.

Habari za vijana hao wa Bara Hindi zinastahili kitabu chake, nami nitaigusa moja tu. Mwaka 1861, katika nchi ya mto Shire, Dakta Livingstone na wamisionari waliofuatana naye walikutana na msafara wa watumwa wakaufungua, na miongoni mwa waliofunguliwa walikuwamo watoto wawili wa Kiyao, Chuma na Wikatani. Wote wawili walipelekwa Bombay wakatiwa shuleni, na wote wawili walirudi Afrika pamoja na Livingstone katika safari yake ya mwisho iliyoanza mwaka 1866. Walipofika pande za Ziwa Nyasa, Wikatani alisema amepata habari za ndugu zake, akaaga, akabaki nao. Chuma aliendelea na safari, akawa mmoja wa wakubwa wa kundi lile lililoubeba mwili wa Livingstone hata Bagamoyo mwaka 1874, akaongoza misafara mingine mikubwa, akafariki Unguja mwaka 1882. Wanahistoria humsifu Chuma na kumsahau Wikatani. Mimi nadhani Wikatani naye alifanya jambo la mtu mzima: alitazama kulia na kushoto, akachagua mahali pake, wala hakungoja kuambiwa.

Wamisionari hao wa mto Shire walikuwa watu wa chama kilichoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambacho Waswahili wengi wa zamani walikijua kwa herufi zake, UMCA. Askofu wao wa kwanza, Mackenzie, alifariki kwa homa mapema mwaka 1862, na wengi wa wenzake wakafa au wakaondoka. Mrithi wake, Tozer, akaamua kuiacha bara kwa muda, akateremka Unguja tarehe 31 Agosti 1864 pamoja na kasisi mmoja jina lake Edward Steere. Hawakuwa na shule wala mwanafunzi. Haukupita muda mrefu Seyyid Majid akamletea Tozer watoto watano wa kiume waliokamatwa katika jahazi la magendo, kama mtu amleteaye mgeni hidaya. Na kutokana na hidaya hiyo ndipo ilipoanza kazi iliyodumu kwa miaka sitini katika kisiwa kile. Mwaka uliofuata walikuja na wasichana, wakawekwa chini ya uangalizi wa Helen Tozer, dada yake askofu. Mwanzo waliishi wote katika nyumba moja ya mjini, Shangani. Baadaye shamba la Kiungani, kusini ya mji, likapatikana kwa ajili ya wavulana, wadogo wao wakawekwa Kilimani, na wasichana wakahamishiwa Mbweni, ambako Tozer alinunua shamba mwaka 1871.

Mambo mawili yaliitofautisha Kiungani na nyumba nyingine za namna yake. La kwanza ni lugha. Steere, aliyekuwa mwanasheria kabla ya kuwa kasisi na aliyekuwa na sikio la ajabu, alikaa chini kujifunza Kiswahili kwa watu wa mjini, akatoa kitabu chake cha sarufi na kitabu chake cha hadithi za Kiswahili mwaka 1870, akasisitiza kwamba watoto wafundishwe kwa Kiswahili na wavae kanzu na kofia kama watu wa pwani, kwa kuwa hakutaka kuwageuza kuwa Wazungu weusi. Msomaji asiione hii kuwa hekima ndogo. Mtoto ambaye ametengwa na kwao mara moja kwa nguvu, akilelewa kwa lugha na mavazi ambayo jirani yake hawezi kuyajua, ametengwa mara ya pili, ingawa safari hii kwa huruma.

La pili ni kazi. Palikuwa na kiwanda cha kupiga chapa, na vijana walifundishwa kupanga herufi. Steere alipokuwa akitafsiri Agano Jipya, kurasa zake zilipita mikononi mwa watoto ambao miaka michache kabla yake walikuwa wamelala juu ya mbao za jahazi. Kijana aliyeweza kupanga ukurasa bila ya kosa alikuwa na riziki ambayo hakuna bwana angeweza kumnyang'anya, na hilo lilikuwa na uzito mkubwa zaidi kuliko waraka wowote wa uhuru.

Katika mwaka 1887 mwalimu mmoja wa Kiungani, A. C. Madan, yule ambaye baadaye aliandika makamusi, alitoa London kitabu kidogo cha habari zilizoandikwa na wavulana wa shule hizo juu ya maisha yao wenyewe: jinsi walivyokamatwa, nani aliwauza na kwa bei gani, njia waliyopita, jahazi, manowari, na shule. Madan alizitafsiri kwa Kiingereza, nasi tumepoteza ladha ya Kiswahili chao, lakini jambo lenyewe halikupotea. Wavulana hao walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wa makabila mengine, wasio na mjomba wa kuwahadithia nasaba zao. Na mtu asiyejua kuisimulia habari yake mwanzo mpaka mwisho huishi kama mgeni ndani ya nafsi yake. Kumpa kijana kalamu na kumwambia aandike habari yake ni kumkiri kwamba anayo habari, kwamba hakuanza kuwako siku alipoteremshwa forodhani. Sijui kama Madan alikuwa na muradi huo, au kama alitaka tu kitabu cha kuwafanya watu wa Uingereza watoe sadaka. Huenda alitaka yote mawili. Maana kila mtoto, au karibu kila mtoto, alikuwa na wafadhili wake ng'ambo, kanisa fulani au darasa la watoto wa Jumapili, waliotoa fedha za chakula chake wakapenda kupata habari zake. Ilikuwa ni namna ya ujamaa, walakini ujamaa wa watu ambao hawatakutana kamwe, na wenye deni la shukrani la upande mmoja tu.

Mbweni ilikuwa na habari zake tofauti, na naona ndizo zenye mafunzo zaidi. Tangu mwaka 1877 shule ya wasichana ilisimamiwa na Bibi Caroline Thackeray, wa jamaa moja na yule mwandishi mashuhuri wa Uingereza, naye akaiongoza kwa miaka 25. Wasichana waliokuwa hodari wa vitabu walifundishwa kuwa walimu. Wale ambao hawakuwa hodari, au waliokuja wakiwa wakubwa mno kuanza herufi, walitiwa katika idara ya kazi za mikono, kushona, kufua, kupika na kulima. Kando ya shule kilikuwako kijiji cha watu wazima walioachwa huru, kila aila na nyumba yake na kiwanja chake, na kanisa likajengwa katikati mwaka 1882. Kwa mtazamo wa nje palikuwa ni mahali pa raha. Lakini kijiji kilikuwa na kanuni zake, na asiyezifuata aliambiwa aondoke; na msichana wa shule hakuruhusiwa kwenda mjini apendavyo, kwa hofu ambayo haikuwa ya bure, maana wezi wa watoto walikuwako bado na walijua thamani ya msichana.

Ndoa ndiyo iliyokuwa mlango wa kutokea. Wakuu wa misheni waliona vema kijana wa Kiungani amwoe msichana wa Mbweni, nao wakasimama mahali pa wazazi wa pande zote mbili, wakaikubali posa au wakaikataa. Kwa mtu wa mwambao jambo hili lina ugeni ambao wamisionari hawakuuona. Posa kwa desturi huenda kutoka kwa watu kwenda kwa watu: wazee hukaa, hupeleka maneno, huulizana nasaba, na katika kuulizana huko wale vijana wawili hupata kundi la mashahidi watakaowaamua siku wakigombana. Hapa palikuwa na mshenga na walii katika mtu mmoja. Nani basi wa kuendewa siku nyumba inapoungua kwa hasira, ila yule yule bibi aliyeifungisha? Thackeray aliifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, kwa ukali wa mwalimu wa zamani na kwa uaminifu usio na kifani; na alipoacha uongozi wa shule mwaka 1902 hakurudi kwao, bali alibaki Mbweni mpaka alipofariki mwaka 1926. Yanaweza kusemwa mengi juu ya malezi yake, na mengine si ya kumpendeza mtu. Lakini wanawake waliolelewa naye walipokuwa na wajukuu, bado alikuwako, na nyumba yake ilijulikana.

Sasa tufike kwenye siku ya kukabidhi, ambayo nilisema ndiyo mizani. Hapo ndipo misheni zote za mwambao zilipopungukiwa, kila moja kwa njia yake.

Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, waliokuja Unguja mwaka 1863 na kufungua makao yao Bagamoyo mwaka 1868, waliwakomboa watoto kwa fedha, wakawafundisha kilimo na sanaa, wakawaoza, wakawapa nyumba katika kijiji cha uhuru. Kisha wakawatuma wana ndoa hao bara kuanzisha vijiji vipya, kama Mhonda mwaka 1877. Mpango huo ulikuwa na adili moja kubwa, kwamba kila aila ilitoka na ardhi, na upungufu mmoja mkubwa, kwamba padri alitoka pamoja nao akawa jumbe wao. Kisauni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, CMS ilifungua kijiji chake mwaka 1875 na kukiita Freretown kwa heshima ya Sir Bartle Frere, ikawaleta vijana wa Nasik kuwa walimu na viongozi wa wale walioteremshwa karibuni. Shauri hilo lilikuwa jema kuliko yote, maana aliyepita njia ndiye ajuaye mashimo yake. Walakini walimu hao, wenye elimu na lugha na miaka mingi ya utu uzima, waliwekwa chini ya wasimamizi wa Kizungu ambao baadhi yao hawakuwa na nusu ya maarifa yao. Na mwaka 1881 msimamizi wa kijiji, J. R. Streeter, alishutumiwa kwa kuwapiga watu mijeledi na kuwafunga, hata serikali ya Uingereza ikaingilia na misheni ikalazimika kuichunguza kazi yake. Watu walioponywa mjeledi wa mwenye jahazi waliukuta mwingine kwa mlezi. James Mbotela, mzaliwa wa kijiji kile ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waliokombolewa, aliandika habari za watu wake katika kitabu kiitwacho Uhuru wa Watumwa, kilichotoka mwaka 1934, na anayekisoma ataona shukrani nyingi humo, kwa haki. Lakini historia huandikwa pia kwa yale ambayo mwenye shukrani huyapitia haraka.

Wawili kati ya walimu hao wa Nasik, William Jones na Ishmael Semler, walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu Hannington. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu katika safari ya Buganda, na Hannington alipouawa Busoga mwezi wa Oktoba, ni Jones aliyeliongoza kundi lililobaki, na njaa na huzuni yake, hata likafika pwani. Hakuna mtihani wa rushdi ulio mkubwa kuliko huo. Hata hivyo mkuu wa makao ya misheni aliendelea kuwa Mzungu.

Misheni ya Vyuo Vikuu nayo ilipata siku yake ya kujaribiwa, tena mapema. Mwaka 1876 Steere, ambaye wakati huo alikuwa askofu, aliwachukua watu wazima zaidi ya 50 wa Mbweni waliotaka kurudi kwao, akavuka nao mpaka Lindi, wakapanda bara kwa miguu kuelekea Ziwa Nyasa. Walipofika Masasi, chini ya ile milima ya mawe, watu walitazama ardhi, wakaonja maji, wakasema hapa panatosha. Steere alikuwa na nia ya kufika mbali zaidi, lakini aliwasikiliza, wakagawiwa viwanja, wakajenga. Katika habari zote za wakati ule hii ndiyo inayonipendeza kuliko nyingine, kwa sababu ndani yake mlezi alibadili safari yake kwa neno la waliolelewa. Wavamizi walioitwa Wagwangwara waliivamia Masasi mwaka 1882 wakachoma na kuteka, na waliobaki wakatawanyika; walakini mbegu haikupotea, na nchi ile ya kusini ikawa ndiyo moyo wa misheni.

Huko kusini ndiko alikotumwa Cecil Majaliwa. Alikuwa Myao, mtoto wa jahazini, aliyelelewa Kiungani. Akawekwa peke yake Chitangali kwa Nakaamu, jumbe wa Wayao, mbali na mwangalizi wa kila siku, akafanya kazi ambayo wenzake wa Kizungu walikiri kwamba hawakuwahi kuifanya, na mwaka 1890 akapadirishwa, padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. John Swedi, mmoja wa wale watano wa Seyyid Majid, alikuwa amepewa ushemasi tangu mwaka 1879 na hakupanda zaidi. Tofauti yao haikuwa ya akili tu. Swedi alikaa karibu na walezi wake. Majaliwa alipewa nchi yake ya kuitolea hesabu. Na wale walimu wengi waliotawanywa bara walipewa chombo kimoja ambacho sioni kama kimesifiwa ya kutosha: gazeti dogo liitwalo Msimulizi, lililoanza kupigwa chapa Kiungani mwaka 1888, likiandikwa na vijana wenyewe kwa Kiswahili, na kuchukua habari za kila kituo, nani ameoa, nani amefiwa, shule ina watoto wangapi, mchezo wa mpira ulikwendaje. Kwa watu wasio na ukoo gazeti hilo lilikuwa ndilo baraza la ukoo.

Wale ambao hawakuwa walimu wala mapadri hawana gazeti. Walikuwa wengi zaidi: watumishi wa nyumba za Wazungu, waashi, wapishi, wachukuzi wa misafara, wanawake wa kufua. Wakuu wa misheni walipowataja katika barua zao, aghalabu walisikitika kwamba fulani amepotelea mjini. Huenda amepotea kweli. Huenda pia alikuwa ameona kwamba mjini ndiko mahali pekee ambapo mtu mwenye mvi haitwi mtoto, akaenda akapata rafiki, somo, jirani na mke, akawa mtu kwa njia ile ile ya zamani ambayo misheni haikuwa na nafasi ya kumpa.

Jambo hilo lilikuja kutambuliwa, ingawa kwa kuchelewa, na lilitambuliwa kusini. Makasisi Waafrika wa pande za Masasi waliona kwamba wazazi Wakristo walikuwa wakiwapeleka watoto wao jandoni kwa siri, kwa kuwa hakuna mzazi aliyekuwa tayari kuwa na mwana ambaye rika lake halitamkubali. Na Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikubali jando lifanywe chini ya kanisa, na ngariba wake, na kumbi zake, na mafundisho yake ya kale yakichujwa kwa shauri la wazee. Watu waligombana sana juu ya shauri hilo, wengine wakiliona ni kuuza dini na wengine ni kuiba jando. Mimi naliona kuwa ni ungamo la misheni, kwamba kwa muda wa miaka hamsini ilikuwa ikiwapa vijana kila kitu isipokuwa watu wa kuwapokea.

Sheria ya mwaka 1897 ilipoondoa utumwa kuwa ni hali itambuliwayo na mahakama za Unguja, majahazi yalikuwa yameshapungua, na watoto wa Kiungani wakawa ni watoto wenye baba na mama, waliotumwa kutoka bara kusomea ualimu. Mwaka 1925 shule yenyewe ilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam. Kanisa la Mbweni lingali lasimama na magofu ya shule ya wasichana yapo karibu yake. Na kanisa kuu la Mkunazini, lililojengwa mahali pa lile soko, linajulikana duniani kote na wageni huoneshwa kila siku. Wageni hao huambiwa sana habari za waliowafungua watumwa, na kidogo mno habari za waliofunguliwa, ingawa hao ndio waliopanga herufi za vitabu vyake na kuimba zaburi zake za kwanza.

Kwa upande wa kukabidhi, tarehe zinasema zenyewe. Majaliwa alipadirishwa mwaka 1890, akiwa mtu mzima ambaye Chitangali ilikuwa imeshamjaribu na kumwona. Mwafrika wa kwanza kuwekwa kuwa askofu katika majimbo yaliyotokana na misheni ile alikuwa John Sepeku, mwaka 1963.